Ukikuta bomba au kebo chini ya kiwanja chako: mwongozo kamili kwa anayejenga

Sururu ikigonga jiwe hulia. Ikigonga bomba la plastiki hailii, inadunda, na mpini unatetemeka kidogo mkononi. Tofauti hiyo niliijua Goba, Dar es Salaam, siku ya pili ya kuchimba mtaro wa ukuta wa kiwanja chetu. Kwenye kina cha futi moja na nusu likatokea bomba jeusi la inchi moja, limekatiza kiwanja kutoka kona hadi kona. Fundi akasema ni la zamani, halina kazi. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini: mchanga umeshamwagwa, saruji iko stoo, vijana watano wako saiti. Likakatwa, halikutoa hata tone. Usiku, zamu ya maji ya mtaa ilipofika, mtaro wote ukajaa, na asubuhi nyumba tatu za nyuma yetu zilikuwa hazina maji.

Kumbe lilipokatwa zamu yetu ilikuwa haijafika tu. Ndiyo maana kila ninapoulizwa na mtu anayeanza kujenga naanzia hapo. Kwetu maji huja kwa mgao na umeme hukatika, kwa hiyo ukimya wa bomba au waya hauthibitishi chochote. Chochote unachokikuta ardhini kihesabu kuwa ni kizima mpaka mwenyewe aje aseme kimekufa.

Kwa nini vitu hivi vimo kwenye kiwanja chako

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kwanza, ikapimwa baadaye. Mtu alijenga porini, akanunua bomba kwa fedha zake, akalivuta kutoka kwenye bomba kubwa hadi kwake kwa njia fupi kuliko zote, yaani katikati ya mashamba ya watu. Miaka ikapita, mashamba yakakatwa viwanja, urasimishaji ukaja, barabara zikachorwa upya. Bomba likabaki palepale. Wewe umenunua kiwanja cheupe, lakini chini yake mna njia za maji za watu ambao huenda hamjawahi kusalimiana.

Nyingine ni za mashirika: mabomba ya mamlaka ya maji, kebo za umeme, nyaya za simu na intaneti, na mitaa michache mabomba ya gesi. Mara nyingi hizi hufuata kando ya barabara. Kumbuka kuwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Wengi wanaolalamika kuwa bomba limepita kwenye kiwanja chao wakipima vizuri hugundua kuwa ukuta wao ndio umeingia kwenye hifadhi.

Hatua ya kwanza: kabla ya sururu ya kwanza

Anza na makaratasi, lakini usiyategemee peke yake. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Humo utaona mipaka, barabara na mikuza mikubwa, yaani kanda za ardhi zilizotengwa kwa ajili ya mabomba au nyaya kubwa. Kama uko karibu na mkuza wa bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, lile la inchi 36 lililokamilika 2015, au la Songosongo linaloishia Ubungo, au bomba la mafuta la TAZAMA linalokwenda Ndola tangu 1968, hapo hakuna cha kujadili na fundi. Mkuza una alama zake, na kuchimba ndani yake bila kibali cha mwenye bomba ni hatari na ni kosa. Lakini bomba la inchi moja la jirani halimo kwenye ramani yoyote.

Kwa hiyo tembea. Zunguka kiwanja asubuhi, jua likiwa chini, maana vivuli huonyesha mabonde madogo. Tafuta ukanda mwembamba uliozama kama mfereji, mstari wa nyasi za kijani wakati wa kiangazi, kifuniko cha chuma, chemba ya zege. Angalia mita za maji: ikiwa mita iko upande huu wa barabara na nyumba yake iko ng'ambo ya kiwanja chako, jiulize maji yanapita wapi. Angalia nguzo za umeme: waya mnene unaoshuka ndani ya bomba la chuma na kuzama ardhini unakwenda mahali fulani.

Halafu piga hodi kwa majirani na kwa mjumbe. Usiulize kama kuna bomba kwenye kiwanja chako, maana watu wataogopa na kukujibu hawajui. Uliza: "Shikamoo mzee, maji yenu mliyavutia wapi?" Atakunyooshea kidole mwenyewe. Muulize pia aliyekuuzia kama palikuwa na nyumba, choo au kisima hapo zamani.

Mwisho, chimba mashimo ya majaribio. Pale mtaro wako utakapokatiza njia unayoishuku, chimba kwa mkono shimo la upana wa futi mbili na kina cha mita moja. Tumia koleo, ukikwangua udongo kwa matabaka. Mtaimbo uache pembeni, kwa sababu ncha yake hutoboa kabla mkono haujahisi kitu. Kuna vifaa vya kutafuta kebo, na wapima ardhi wengine wanavyo. Vinafaa, ila vinasikia chuma na waya. Bomba la plastiki havilisikii isipokuwa lililazwa pamoja na waya wa kulifuatilia. Kama unaleta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, mashimo haya ni lazima. Mwendesha kijiko haoni chochote kabla ya ndoo kukivunja.

Hatua ya pili: kubaliana na vijana kuhusu kusimama

Hili watu wengi hulisahau, na mimi naliona ni kubwa kuliko vifaa vyote. Wachimbaji wetu hulipwa kwa mita. Kijana akikuta bomba akasimama, amepoteza siku. Akilikata na kulifukia, jioni anapokea hela yake. Usimlaumu kwa kufuata hesabu uliyompangia mwenyewe.

Siku ya kwanza, mbele ya fundi mkuu, tamka hivi: atakayekuta kitu akasimama, siku yake inalipwa nzima, na anayekiona wa kwanza anapata soda na nyongeza. Taja kiasi. Mimi sasa natenga posho ya siku mbili za kusimama kwenye bajeti ya msingi, kama ninavyotenga ya maji na misumari. Tangu nianze hivyo, vijana huniita kwa simu kabla ya kugusa.

Hatua ya tatu: simama, na utambue bila kushika

Zana chini, wote watoke kwenye mtaro. Usivute kuona kinakokwenda. Usikwangue kwa panga kuona ndani. Angalia kwanza kilichokizunguka, kwa sababu udongo unaongea kabla ya bomba.

Ukikuta mchanga msafi katikati ya udongo mwekundu, au tofali zimepangwa mstari mmoja, au vigae vya zege, au utepe wa plastiki wa manjano au mwekundu wenye maandishi ya hatari, hesabu kuwa chini yake kuna kebo ya umeme. Hivyo ndivyo inavyolazwa: kebo, mchanga, kinga juu, kisha kifusi. Nyingine huwa na msongo wa kilovolti 11 au 33. Hizo haziui aliyezigusa peke yake, mlipuko wake unachoma hata aliyesimama kando. Fukuza watu wote mbali, weka kamba, piga simu ya dharura ya shirika la umeme. Usiishike, hata kwa glovu za saiti.

Kuna kebo za aina nyingine, za kwetu wenyewe. Mwenye nyumba alivuta waya kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani, akauzika futi moja bila bomba wala mchanga. Hapa watu huzima meinswichi wakadhani wamemaliza. Umezima ya kwako, na huenda waya ule unatoka kwa jirani. Testa ya bisibisi nayo haisaidii, kwa kuwa ganda la waya ni zima na taa haitawaka. Ile volti 230 ya nyumbani inatosha kumuua mtu aliyesimama kwenye tope.

Bomba la maji mara nyingi ni jeusi lenye mistari ya bluu, au la bluu, au la kijivu, au la chuma lililoota kutu. Bomba la gesi majumbani huwa la manjano, au jeusi lenye mistari ya manjano. Gesi asilia imeshafika kwenye nyumba za baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam kama Mikocheni, na pia Mtwara na Lindi. Lakini rangi ni dokezo tu, usiifanye hukumu. Nimeona waya wa umeme umepitishwa ndani ya bomba la maji kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani siku hiyo.

Mirija myembamba ya rangi kali, mingi pamoja, ni ya mkongo wa intaneti. Ukikatika, usichungulie mwisho wake, kwa kuwa mwanga unaopita humo hauonekani na huumiza jicho. Bomba la kijivu, gumu kama zege, kwenye mitaa ya zamani laweza kuwa la saruji yenye asbesto. Usilikate kwa msumeno wala grenda. Vumbi lake huharibu mapafu.

Na kuna shimo la choo la zamani. Hili linanitia hofu kuliko umeme. Koleo linagonga zege jembamba, sauti inakuwa tupu kama ya ngoma. Toka hapo taratibu, maana kifuniko kinaweza kuporomoka. Kamwe mtu asiingie, hata kama koleo limetumbukia, hata kama mwenzake ametumbukia. Hewa ya ndani inaweza kumwangusha mtu kwa pumzi mbili, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya nne: linda ulichokifunua

Bomba lililolala ardhini miaka ishirini limezoea kubebwa na udongo. Ukichimba chini yake likaning'inia, litapinda na kuachia kwenye viungio. Pitisha ubao juu ya mtaro, ulifunge bomba kwa kamba au kipande cha mpira kila baada ya mita moja. Lifunike kwa gunia lenye unyevu lisipigwe na jua. Weka uzio wa kamba, na usiku usiache shimo wazi kwa ajili ya watoto. Kebo ya umeme usiifunge wewe. Hiyo subiri wenyewe.

Kisha piga picha. Weka futi ya kupimia ndani ya picha kuonyesha kina, halafu pima umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano bikoni ya kona, yaani alama ya mpaka ya mpima ardhi, na nguzo ya umeme. Vipimo viwili vinatosha kupapata mahali hapo tena hata baada ya miaka kumi.

Hatua ya tano: mtafute mwenyewe

Kwa bomba dogo la maji, njia rahisi ni koki. Subiri zamu ya maji ifike. Mwombe kila jirani unayemshuku afunge koki iliyo karibu na mita yake kwa dakika tano, huku mmoja wenu ameshika bomba pale mtaroni. Maji yakipita ndani utayahisi kwenye kiganja kama mtetemo wa simu. Mtetemo ukikoma koki ya fulani inapofungwa, umempata. Kama wote wamefunga na bado linatetemeka, ama kuna mtu hamjamhesabu, ama linavuja mbele.

Akikosekana, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Omba tangazo lisomwe kwenye kikao au libandikwe ofisini, lenye tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri. Siku jirani atakapokuja na polisi, muhuri ule ndio utakaokusemea.

Kwa la shirika, piga simu, uchukue namba ya taarifa, kisha upeleke barua na picha ofisi ya eneo lako. Waombe mambo matatu kwa maandishi: ni lao au si lao, ni zima au limeachwa, na jengo linatakiwa likae mbali kiasi gani. Jibu la mdomo la fundi aliyekuja na pikipiki halitoshi, hata awe mwema namna gani. Ukizungushwa, malalamiko ya maji, umeme na gesi hupelekwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ila baada ya kuwa umeshalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza barua.

Hatua ya sita: amua, ama mstari uhame ama jengo lisogee

Kwanza jua haki yako. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua kuwa ardhi ya mtu inaweza kubeba njia ya huduma ya umma, na pia makubaliano ya mtu na mtu ya kupitisha kitu kwenye ardhi ya mwingine. Kwa hiyo bomba la shirika likiwa kwenye mkuza halali lilitangulia na litabaki, na gharama za kulihamisha kwa matakwa yako kwa kawaida zitakuangukia. Bomba la jirani lisilo na makubaliano yoyote ni jambo la mazungumzo. Lakini hata ukiwa na haki zote, usilikate. Kukata maji ya watu ni kuanzisha ugomvi na mtu utakayeishi naye ukuta kwa ukuta.

Kwetu, na majirani wa zile nyumba tatu za nyuma, tulikubaliana hivi: wao watatu walinunua bomba jipya, mimi nikachimba mtaro kando ya ukuta na kulipa fundi. Tukaandikishana kwa mwenyekiti. Siku ya kuunganisha ilichaguliwa siku isiyo ya zamu, na kila nyumba ikajaza mapipa jana yake.

Kama haliwezi kuhama, jengo linaweza kulivuka. Ukuta ukikatiza bomba, pitisha bomba hilo ndani ya bomba lingine kubwa zaidi, la inchi nne kwa mfano, lenye nafasi pande zote, kisha juu yake weka mkanda wa zege wenye nondo unaoegemea udongo imara pande mbili. Ukuta unabebwa na mkanda, bomba halibebi kitu. Kumwaga zege moja kwa moja juu ya bomba ni kosa linalorudiwa kila siku. Msingi ukishuka kidogo tu, bomba linakatika mahali ambapo hakuna atakayefika bila kuvunja nyumba. Juu ya kebo ya umeme au bomba la gesi usijenge kabisa. Sogeza ukuta, hata kama unapoteza mita mbili za uwanja.

Kama limeshakatika

Maji: funga koki ya juu, ziba ncha zote mbili kwa mfuko wa nailoni na mpira ili tope lisiingie. Kata vipande vilivyochanika viwe sawa, unganisha kwa kiungio cha saizi ileile, kisha mwaga maji ya kwanza mpaka yawe safi kabla watu hawajakinga ya kunywa. Bomba kubwa la mamlaka usijaribu. Piga simu, uwaondoe watu, maana mtaro utamomonyoka.

Umeme: mtu asimkimbilie aliyenaswa. Umeme ukatwe kwanza. Walio karibu warudi nyuma kwa hatua fupi za kuburuza miguu, bila kunyanyua, angalau mita kumi. Aliye ndani ya kijiko abaki kitini mpaka shirika lithibitishe umezimwa. Kikiwaka moto tu ndipo aruke mbali, miguu pamoja, bila kushika mashine na ardhi kwa wakati mmoja.

Gesi: harufu ya yai viza, au mluzi kutoka ardhini. Zima injini kama iko mkononi mwako, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usipige simu ukiwa hapo. Wapelekeni watu mbali, kuelekea upande upepo unakotoka, waambie majirani wazime majiko, kisha ukiwa mbali piga 114 na mwenye bomba. Usifukie, gesi itatambaa chini ya udongo na kuibukia ndani ya nyumba ya mtu.

Maji taka: zuia watoto, vaa buti na glovu, na kabla ya kufukia mwaga chokaa.

Kwa vyote, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukifukia kimya, kitapatikana, na kitapatikana na jina lako juu yake, maana kuharibu miundombinu ni kosa la jinai.

Hatua ya mwisho: fukia kwa namna ya mtu atakayechimba tena

Weka mchanga inchi nne chini na inchi nne juu ya bomba, ukiwa umechuja mawe. Rudisha udongo kidogo, laza utepe wa onyo futi moja juu ya bomba, kisha malizia. Duka la vifaa vya umeme likikosa utepe, mstari wa tofali unatosha. Shindilia kwa matabaka, si kwa mara moja.

Halafu chora. Karatasi moja ya daftari inatosha: mipaka, nyumba, mishale ya vipimo kutoka bikoni, kina, saizi ya bomba, nani mwenyewe, tarehe. Mchoro wangu uko kwenye faili moja na hati, na nakala yake ipo kwa kila mmoja wa wale majirani watatu. Mwaka jana mmoja wao aliuza nyumba. Mnunuzi alipokuja kujitambulisha, karatasi ile alikuwa nayo mkononi, akaniomba nimwonyeshe koki iko wapi.